Wimbo bila daftari hupotea bila habari

Jumatano ya wiki iliyopita, magharibi ilipokuwa ikiingia nami nimeketi barazani pangu hapa Umoja nikingojea umeme urejee, alinijia mpwa wangu akiwa ameshika karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Aliniamkia kwa adabu, akakaa, akanyamaza kidogo kama afanyavyo kijana mwenye haja. Kisha akasema, "Mjomba, nataka unitilie sahihi hapa chini, kama shahidi."

Niliikunjua karatasi hiyo nikaisoma kwa mwanga wa simu yake. Ilikuwa mkataba. Ilieleza kwamba mpwa wangu, aliyetunga wimbo na kuurekodi katika studio moja ya mtaani, angelipwa shilingi 20,000 taslimu. Kwa malipo hayo angeachilia haki zote za wimbo huo, za sasa na za baadaye, kila mahali ulimwenguni, kwa mwenye studio. Mistari yenyewe ilikuwa saba tu. Nilimwuliza kama alikuwa ameielewa. Akanijibu kwamba ameielewa vizuri, kwamba kodi ya chumba chake ina miezi miwili haijalipwa, na kwamba jambo la muhimu ni wimbo kutoka. "Mjomba, ukishatoka tu, huu utafika mbali kama ile Despacito."

Nilimwambia aniachie karatasi ile hadi Ijumaa. Sikumwambia sababu. Nimeona heri niieleze hapa, kwa kuwa najua kwamba katika mtaa huu wetu, na katika mitaa jirani ya Kayole, Donholm na Buruburu, hakosekani kijana mwingine usiku huu aliyeketi na karatasi kama ile, na hakosekani mjomba, shangazi au mzazi anayeombwa kuitia sahihi.

Tuanze na huo wimbo alioutaja. Despacito ilitoka mwezi wa Januari mwaka 2017. Waliokaa chini wakaitunga ni wawili: Luis Fonsi, mwimbaji wa kisiwa cha Puerto Rico, na Erika Ender, mtunzi mwenye asili ya Panama. Baadaye aliitwa Daddy Yankee, naye ni mwana wa Puerto Rico, akaongeza sehemu yake. Vijana wawili wa Colombia, Andrés Torres na Mauricio Rengifo, wakautayarisha muziki wenyewe. Picha za video zilipigwa La Perla, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulio ukingoni mwa bahari mjini San Juan, mtaa ambao wengi waliusikia kwa sifa mbaya kabla ya kuusikia kwa wimbo. Mwezi wa Aprili mwaka huo, Justin Bieber wa Kanada, aliyeusikia wimbo huo akiwa ziarani Colombia, akaingiza sauti yake. Ndipo ukapaa. Ulikaa katika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa majuma 16, ukafikia rekodi iliyokuwa imedumu tangu miaka ya 1990.

Haya yote vijana wetu wanayajua, pengine kunishinda. Wasilolitazama ni jambo moja dogo: katika safari yote hiyo, kila mkono ulioongeza kitu uliandikwa. Watunzi wale wawili wa mwanzo wameandikwa. Daddy Yankee, aliyekuja baadaye, ameandikwa kwa jina lake la kuzaliwa. Hata wale waliotunga maneno ya Kiingereza kwa ajili ya sauti ya Bieber wameandikwa. Kwa hivyo wimbo ulipokwenda mbali, haukwenda kama mtoto aliyepotea sokoni. Ulikwenda ukiwa na kitambulisho mfukoni.

Mimi ni mtu wa zamani kidogo, na kabla ya Despacito niliziona nyimbo nyingine mbili za Kilatini zikifika hadi hapa mtaani. Ya kwanza ilikuwa Lambada. Wenzangu wa rika langu watakumbuka ule mwaka wa 1990, ambapo haikuwezekana kupanda matatu kutoka mjini hadi Umoja bila kuisikia walau mara mbili. Hatukuelewa neno hata moja, lakini kondakta aliiimba na abiria waliitikia kwa vichwa. Waliotuletea ni kundi la Kaoma, lililokuwa na makao yake Ufaransa, na santuri zao ziliuzwa kwa mamilioni tangu mwaka 1989.

Lakini wimbo ule haukuzaliwa Ufaransa. Kundi la Los Kjarkas la nchini Bolivia, nchi ya milima isiyo na pwani, lilikuwa limerekodi wimbo uitwao Llorando se fue mwaka 1981. Watunzi wake walikuwa ndugu wawili, Ulises na Gonzalo Hermosa. Sauti ile tuliyoipigia makofi kwenye matatu ilikuwa yao, imevikwa nguo mpya na kuandikwa jina la mtu mwingine. Ndugu hao hawakulia tu wakanyamaza. Miaka kadhaa kabla ya Lambada walikuwa wameusajili wimbo wao nchini Ujerumani kwa majina yao kamili. Wakaenda kwa wanasheria na karatasi zao mkononi, na kufikia mwaka 1990 haki yao ilikuwa imekubaliwa. Msomaji, tafakari jambo hilo. Watu wa milimani waliwashinda matajiri wa Paris, na silaha yao haikuwa sauti tamu wala umashuhuri. Ilikuwa daftari.

Ya pili ilikuwa Macarena. Hii ilitungwa na wazee wawili wa Hispania, Antonio Romero na Rafael Ruiz, wanaojiita Los del Río. Walikuwa wameimba tangu ujana wao bila kujulikana sana nje ya kwao. Mwaka 1992 walikwenda Caracas, mji mkuu wa Venezuela, wakamwona mwanamke akicheza kwa ustadi, na hapo kiini cha wimbo kikazaliwa. Walirekodi mwaka 1993. Miaka ikapita. Kisha vijana wa Miami waliojiita Bayside Boys wakauchukua, wakauongezea maneno ya Kiingereza na mdundo wa vilabu, na mwaka 1996 ukakaa kileleni Marekani kwa majuma 14. Wanafunzi wangu wa darasa la saba waliucheza uwanjani badala ya kukimbia mchakamchaka, nami sikuwa na nguvu ya kuwazuia. Wale wazee wawili walikuwa wamekaribia umri wa miaka 50. Wimbo ulikuwa umebadilishwa na watu wasiowajua, katika nchi isiyo yao, lakini majina yao yalibaki palepale penye jina la mtunzi.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana mgeni hasifiwi kabla ya mwenyeji kutazamwa.

Hakuna wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia kuliko Malaika. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika santuri yao ya mwaka 1965, ambayo ilipata tuzo kubwa ya Grammy. Kundi la Boney M., lililokuwa na makao yake Ujerumani, likautoa mwaka 1981. Tangu wakati huo umeimbwa na watu wasiohesabika, katika harusi, katika hoteli na katika ikulu. Lakini muulize mtu yeyote, nani aliyetunga Malaika? Mmoja atakwambia ni Fadhili William. Mwingine ataapa kwamba ni Adam Salim wa Tanzania, aliyedai kuwa aliutunga katika miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wa tatu atakutajia jina jingine. Mimi si hakimu wa shauri hilo na sitaki kuwa. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba siku wimbo ule ulipozaliwa, palipozaliwa, hapakuwa na kijitabu kilichoandikwa tarehe na jina. Ndiyo maana watu wazima wameshindana kwa zaidi ya nusu karne, na kila aliyeshinda katika mabishano hayo hakuwa na kitu cha kukiweka mezani.

Kuna Helule Helule ya Daudi Kabaka. Vijana wa leo hawaijui, lakini mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliimba na kuifikisha katika nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana nchini humo. Hebu fikiri: sauti ya mwimbaji wa twisti kutoka Nairobi ikisikika katika nyumba za London miaka mitano tu baada ya uhuru wetu! Kabaka na Fadhili William walifariki mwaka mmoja, 2001. Katika shule nilizofundisha, sikuona hata moja iliyomfundisha mtoto majina hayo mawili.

Na kuna Jambo Bwana. Huu ni wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa, kundi la ndugu wa familia ya Harrison, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Bendi ilipiga muziki katika hoteli za pwani, na mtunzi alisikia jinsi watalii walivyojikaza kujifunza salamu zetu. Akazichukua salamu hizo, maneno ambayo kila mtoto wa Mombasa huyajua, akazitia katika sauti nyepesi ambayo mgeni angeweza kuiimba siku ya kwanza. Huo ndio ufundi wenyewe. Watu hudhani urahisi ni kazi ndogo. Ulitoka na ukauza zaidi ya nakala 200,000 katika miaka iliyofuata. Mwaka 1983 Boney M., walewale wa Malaika, wakautoa kwa namna yao. Leo unaimbwa na bendi za hoteli kuanzia Lamu hadi Zanzibar, na mtalii akipanda ndege kurudi kwao huamini kwamba ni wimbo wa kale usio na mwenyewe, kama upepo wa kaskazi.

Hapo ndipo penye hatari. Kitu kikishaonekana hakina mwenyewe, wa kukichukua hawakosi. Mwaka 1994, mwaka ambao kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King, kampuni hiyo iliomba pia nchini Marekani kwamba maneno mawili, "hakuna matata", yawe alama yake ya biashara katika nguo. Ikasajiliwa mwaka 2003. Watu wa Afrika Mashariki tulipozinduka kwa hasira ilikuwa mwaka 2018, miaka 15 baadaye. Ni kweli kwamba alama ya biashara si sawa na hakimiliki ya wimbo, na hakuna aliyekatazwa kuzungumza lugha yake. Lakini somo ni lilelile. Wenzetu walikuwa na karani. Sisi tulikuwa na manung'uniko.

Nasema haya nikiwa mkazi wa Umoja, na nadhani mkazi wa Umoja anapaswa kuyaelewa upesi kuliko mtu mwingine. Mtaa huu ulijengwa kuanzia miaka ya 1970 na Baraza la Jiji kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani, ili watu wa mapato ya wastani wapate nyumba zao wakilipa kidogo kidogo. Sisi tuliolipa kwa miaka mingi tunajua kwamba nyumba haikuwa yetu kwa sababu tulilala ndani yake, wala kwa sababu tulipaka rangi na kupanda maua. Ilikuwa yetu kwa sababu ya barua ya kugawiwa, stakabadhi za kila mwezi na hati ya mwisho. Kila mmoja wetu ana bahasha ya kaki, chini ya godoro au juu ya kabati, asiyoiruhusu kuguswa na watoto. Tumeona majirani waliopoteza vyumba kwa kukosa bahasha hiyo. Tumeona watu wakijenga ghorofa nne juu ya ploti kisha wakashtakiana na ndugu zao. Mtaa mzima unaojua thamani ya karatasi ya nyumba unawezaje kumlea mtoto asiyejua thamani ya karatasi ya wimbo?

Wala tusijidanganye kwamba nyimbo za mtaani kwetu haziendi popote. Mwaka 2018 vijana wanne wa papa hapa Umoja, waliojiita Ethic, walitoa Lamba Lolo. Sitaficha kwamba maneno yake hayakunipendeza, na sikuyaimba mbele ya wajukuu. Lakini katika muda wa miezi michache ulisikika nchi nzima, vijana wa mitaa mingine wakafuata njia hiyo, na mtindo mzima ukapewa jina la gengetone. Wazazi tulishughulika sana kuuliza, "Wanasema nini hawa?" Sikumsikia mzazi hata mmoja akiuliza, "Je, wameandikiana?" Swali la kwanza lilikuwa halali. La pili lingewafaa zaidi.

Kwa faida ya wasioijua, sheria yetu si mbaya. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kwamba haki ya mtunzi huzaliwa pale kazi yake inapoandikwa au kurekodiwa, si pale inapotoka redioni. Hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, yaani wajukuu wanaweza kula jasho la babu yao. Haki hiyo haiwezi kuhamishwa kwa maneno ya mdomo. Ni lazima iandikwe na kutiwa sahihi na mwenyewe. Kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki si sharti la kuipata haki, lakini ni ushahidi siku ya ugomvi. Tena kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake: utunzi, yaani maneno na sauti, na rekodi yenyewe, yaani kazi ya studio. Mali hizi mbili zinaweza kuwa na wenyewe tofauti, kama vile ploti na nyumba. Hata ile milio ambayo mteja huisikia anaposubiri simu kupokewa, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yameagiza kwamba msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato yake. Lakini sheria haiwezi kumpa asilimia 52 mtu aliyekwisha kuuza asilimia 100 kwa shilingi 20,000 kabla wimbo haujatoka.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba Malaika na Jambo Bwana zilienea kwa sababu hazikufungiwa kabatini, kwamba kila bendi ilijiimbia, na kwamba mwalimu mstaafu anayeleta mambo ya mikataba atawaua vijana kwa woga. Hoja hii ina uzito na siibezi. Wimbo ni kama mbegu. Ukiufumbia mkononi hauoti. Lakini tazameni Macarena. Je, ilifungiwa? Watu wa Miami waliikata, wakaiongeza, wakaipindua, na kwa kufanya hivyo wakaipandisha. Kuandika jina si kujenga ua. Mwenye shamba anaweza kuwaruhusu majirani wapite njia ya mkato siku nzima, na shamba likabaki lake. Aliye hatarini ni yule asiyejulikana kuwa mwenye shamba.

Wengine watasema ninazungumza kwa urahisi kwa kuwa sijawahi kudaiwa kodi na huku nina wimbo mkononi. Hao nawajibu kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka 1993, nikiongoza kwaya, nilitunga wimbo wa kumuaga bibi harusi. Mtu mmoja mwenye duka la kanda mjini alinipa shilingi 3,000, nami nikatia sahihi stakabadhi iliyosema nimepokea malipo yote. Niliona nimemnasa, maana wimbo ulinichukua jioni mbili tu kuutunga! Miaka sita baadaye nilialikwa kwenye harusi huko Machakos, nikausikia wimbo wangu ukitoka katika spika, umeimbwa na kwaya nisiyoijua, na juu ya kanda pameandikwa jina la mtu mwingine. Mke wangu alinitazama. Nilijifanya natafuta maji ya kunywa. Uchungu wa siku ile haukuwa wa fedha, bali wa kwamba sikuwa na namna ya kumwambia hata mtu aliyekaa karibu nami, "Huu ni wangu," nikaaminiwa.

Basi Ijumaa ilipofika, sikutia sahihi. Nilimwomba mpwa wangu anipeleke kwa huyo mwenye studio. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukutana na mnyang'anyi. Tulipanda ngazi hadi orofa ya nne ya nyumba moja karibu na soko la Mutindwa, tukaingia katika chumba ambacho nusu yake ni kitanda na nusu ni kompyuta, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Mwenyewe ni kijana wa miaka 24. Aliniita mzee, akanipa kiti pekee kilichokuwapo. Kompyuta ile ameinunua kwa mkopo. Mdundo wa wimbo ameutengeneza mwenyewe kwa usiku kumi na mmoja. Ule mkataba wa mistari saba aliunakili kutoka kwa simu ya rafiki yake, naye hakujua maana ya nusu ya maneno yake.

Tuliketi saa mbili. Niliwaeleza habari ya utunzi na rekodi, ploti na nyumba. Tukakubaliana kwamba maneno ni ya mpwa wangu, sauti na mdundo wagawane, na rekodi ibaki kwa mwenye studio kwa kuwa gharama ni yake, ila mapato yake yagawanywe kwa viwango tulivyoandika. Badala ya shilingi 20,000, mpwa wangu alipata 5,000 za kuanzia. Sikufurahia uso wake alipozipokea. Kodi ilikuwa palepale, na ilinibidi nijaze pengo kutoka katika pensheni yangu, jambo ambalo si kila mjomba analiweza. Anayesema kwamba haki haina gharama hajawahi kuidai.

Nilipokuwa nakunja karatasi mpya, nikijiona nimetenda jema, yule kijana wa studio akauliza kwa upole, "Na yule dada aliyetoa kiitikio, mbona hayumo?"

Chumba kikanyamaza. Kumbe kiitikio, ile sehemu ambayo mtu akiisikia mara moja hulala nayo kichwani, hakikutungwa na mpwa wangu. Kilitungwa na msichana mmoja wa mtaa wa Tena, aliyekuja studio siku moja kumsindikiza rafiki yake, akaimba sauti ile kwa mzaha, wakamwomba airudie kwenye kipaza sauti. Hakulipwa, hakuandikwa, na hakuna aliyewaza kumwita. Mpwa wangu, aliyekuwa karibu kudhulumiwa na karatasi ya mistari saba, alikuwa amemdhulumu mwenzake bila karatasi yoyote. Nami niliyetoka nyumbani kwenda kumtafuta mwizi wa ng'ambo, au walau mwizi wa orofa ya nne, nilimkuta katika ukoo wangu.

Tuliichana karatasi. Msichana aliitwa, akafika jioni na mama yake, tukaanza upya. Sasa yako majina matatu, nambari tatu za vitambulisho, tarehe na sahihi, na nakala nne, ya nne ikiwa katika bahasha yangu ya kaki pamoja na hati ya nyumba. Sijui kama wimbo huo utafika Puerto Rico. Pengine hautavuka Barabara ya Outer Ring. Lakini popote utakapofika, utafika ukijulikana umetoka kwa nani.

Kwa hivyo nawaomba wazazi wenzangu wa Umoja jambo moja. Kijana akikuletea wimbo wake ausikilize pamoja nawe, usiishie kusema kwamba kelele ni nyingi au maneno hayafai. Sema hayo ikibidi. Kisha mwulize maswali matatu: Nani ametunga maneno? Nani ametunga sauti? Nani amelipia rekodi? Mpe kalamu ayaandike majibu siku hiyohiyo, kabla ya urafiki kuingiwa na fedha. Viongozi wa vijana, makanisa na misikiti yenye kumbi, na walimu wa muziki katika shule zetu wanaweza kulifanya jambo hili bila kungojea ruzuku ya serikali. Linahitaji meza na daftari la shilingi 50.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaza ng'ombe na bidhaa za dukani. Lau wangeyajua yaliyotupata kwa Malaika, wangeziongeza nyimbo.